Mnyoo mdogo hivyo anauaje msonobari mzima?

Umeuliza kuhusu mnyoo anayeua misonobari: kwa nini watu wasimpulizie tu dawa wakamaliza? Shida ni kwamba mnyoo huyu, ambaye hafiki hata urefu wa milimita 1 na ushee, anaishi ndani ya mbao. Hatembei mwenyewe kutoka mti hadi mti. Anabebwa na mbawakawa mwenye papasi ndefu, tena amejificha kwenye mirija yake ya kupumulia, na mdudu akitafuna gome la tawi changa minyoo wanaingilia kwenye jeraha hilo. Joto likiwa nyuzi 25 hivi, kizazi kipya hupatikana kwa siku 4 au 5. Mishipa ya kupandisha maji inaziba, majani yanageuka mekundu, na mti unaweza kufa msimu huohuo.

Japani waliiona misonobari ikifa tangu mwanzoni mwa karne ya 20, wakawalaumu wadudu miaka na miaka. Mnyoo alithibitishwa kuwa ndiye muuaji mwaka 1971 tu! Asili yake ni Amerika Kaskazini, ambako misonobari ya huko humstahimili. Ureno aligunduliwa 1999.

Kwangu utafiti unaovutia zaidi ni wa jeni: ana vimeng'enya (protini za kuvunjavunja chakula) vya kuvunja selulosi, yaani kitu kinachojenga kuta za seli za mimea, na jeni za vimeng'enya hivyo inaonekana alizipata kutoka kwa kuvu.

Dawa ya kudunga shinani ipo, lakini hutolewa kabla mti haujaugua, na kudunga msitu mzima ni gharama. Ndiyo maana, ili asisafiri ndani ya mbao hadi nchi nyingine, mbao za vifungashio hupashwa joto la nyuzi 56 kwa dakika 30 kabla ya kusafirishwa nje.