Mfamasia kuwa mtafiti wa presha na kisukari

Je, mfamasia wa hospitali ya Ligula, Mtwara, akitaka kuwa mtafiti wa presha na kisukari lazima asomee udaktari kwanza? Hapana, halazimiki. Shahada ya famasi inamwingiza uzamili wa afya ya jamii au epidemiolojia (elimu ya jinsi magonjwa yanavyosambaa katika jamii), kisha uzamivu. Kinachowaangusha wengi ni takwimu, si dawa. Mfano ni ufuasi wa dawa, yaani mgonjwa kutumia dawa kama alivyoandikiwa; hupimwa hivi: siku ambazo mgonjwa alikuwa na dawa mkononi, gawanya kwa siku zote za ufuatiliaji. Kikomo cha ufuasi mzuri kinachotumika sana ni asilimia 80. Ila rejesta ya hospitali pekee hudanganya: aliyekwenda shamba msimu wa korosho akanunua amlodipini, dawa ya presha, duka la dawa ataonekana mtoro. Kibali cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) kabla ya kugusa mafaili ya wagonjwa; jaribio la dawa likiwemo, na cha TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) pia.