Eti jina langu halishiki pesa?

*Shangazi, shikamoo. Nina mwaka wa sita Guangzhou, natafutia mizigo wafanyabiashara wa Kariakoo. Huku naitwa Ma Li badala ya Mariamu. Rafiki yangu Mchina kanipeleka kwa mzee anayesoma majina, akasema langu halishiki pesa. Kulibadili ni yuan 3,000. Baada ya hapo rafiki anataka niuze vipande vyangu vya Mfuko wa Umoja, mfuko wa uwekezaji wa pamoja, ambavyo ni ada ya mwanangu ya baada ya miaka tisa, nimpe yuan 40,000 aninunulie hisa kwenye akaunti yake, tuziuze baada ya wiki mbili. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu.

Mzee simcheki. Huko mtoto akionekana kapungukiwa dhahabu katika nyota yake hutafutiwa jina Xin, herufi yenye alama ya dhahabu mara tatu. Na sisi si tuna akina Bahati na Riziki? Ila wasoma majina huhesabu mistari ya kalamu, sasa muulize alihesabu kwa maandishi yapi. Kwa yale ya sasa ya China bara, Ma Li ni mistari 10 ya kalamu. Kwa yale ya zamani, ambayo Taiwan wanayo hadi leo, ni 29. Wewe ni yule yule.

Hizo 3,000 zikipotea utanuna wiki moja. Hizo 40,000 ndizo zimeninyima usingizi. Hisa za wiki mbili ni kubahatisha: unaomba tu atokee mwingine alipe zaidi yako. Mwaka 2015 Wachina wengi walinunua hisa hata kwa pesa za mkopo. Tarehe 12 Juni kipimo cha soko la Shanghai kilipita 5,100. Tarehe 26 Agosti kilikuwa chini ya 3,000. Sidhani wote hao walikuwa na majina mabaya.

Vipande navyo hushuka, sikufichi. Lakini vimetawanywa kwenye hisa na hatifungani mbalimbali, na wewe una miaka tisa ya kungoja vipande vinyanyuke tena.

Halafu barua nzima umelilia jina, ukapitisha juujuu kwamba akaunti ni yake. Jina lenye kazi ni hilo! Hisa zikiandikwa kwake ni zake, wewe utabaki na picha za mazungumzo yenu ya WeChat. Hata kama ni mwaminifu, akifa kesho ndugu zake watakujua wewe nani?

Vipande usiguse. Jina ukilitaka, lilipie kwa faida ya mzigo mmoja. Rafiki akiuliza, mwambie Shangazi kakataa. Mimi lawama nimezizoea.