Rangi haiyeyushwi, inavunjwa

SWALI: Nimesoma kwamba wanasayansi wanatumia nanoteknolojia na mwanga “kuyeyusha” rangi za viwanda vya nguo zilizochafua maji. Kitenzi hicho ni sahihi?

JIBU: Si sahihi, na kinanikera kwa sababu kinasema kinyume cha jambo lenyewe. Kuyeyuka ndiko kulikoleta balaa. Rangi nyingi za nguo zimetengenezwa ziyeyuke majini ili zipenye kwenye nyuzi; ile isiyoshika ndiyo inayotoka na maji machafu. Tia chumvi mchuzini, ukoroge. Imeyeyuka, huioni. Onja: ipo. Ongeza maji: ipo, makali tu ndiyo yamepungua. Chemsha mpaka mchuzi ukauke, utaikuta imeganda kwenye sufuria.

Kosa limetokana na mazoea ya kusema fedha za mradi “zimeyeyuka”, yaani zimetoweka. Kijiweni sina ugomvi na usemi huo. Kwenye habari ya sayansi naukataa kabisa.

Kinachofanyika ni kuvunja. Chembe za titani dioksidi (unga mweupe wa madini) zenye upana wa makumi ya nanomita (nano ni neno la Kigiriki, maana yake kibete, nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) zikipigwa na mionzi ya urujuanimno (mwanga wa jua tusiouona kwa macho), elektroni zake huchomoka mahali pake. Hapo, kwa maji na oksijeni iliyomo, huzaliwa radikali za hidroksili, yaani vipande vya oksijeni na hidrojeni vyenye pupa ya kushika kingine, kali mno, nazo huikata molekuli ya rangi vipande vipande. Kazi ikikamilika hubaki hasa hewa ya ukaa, maji na chumvichumvi. Ni titani dioksidi hiyohiyo ambayo Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda waliitumia mwaka 1972 kuonesha kwamba mwanga unaweza kupasua maji yenyewe.

Wanaoandika “kufifisha rangi” nao wawe waangalifu. Maji ya buluu yanaweza kuwa maangavu kabla vipande havijaisha, na baadhi ya rangi za azo (zenye atomi mbili za nitrojeni zilizoshikana) zikikatika nusunusu huacha amini, kemikali za nitrojeni, zenye sumu. Kufifia ni habari ya jicho. Usalama wa maji ni habari nyingine, na mwandishi akivichanganya anaweza kumnywesha mtu sumu.

Kwa hiyo andika: mwanga na chembe za nano huvunjavunja rangi. “Husambaratisha” nalo nalipokea. “Huozesha” waachie bakteria.