Umempiga Mdudu au Jani?

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Muheza alinitumia picha ya kinyonga mdogo wa msituni, wa aina isiyozidi urefu wa kidole, akiwa juu ya kijiti usiku, na chini yake aliandika neno moja tu: "Vipi?" Nilikaa na picha hiyo siku mbili kabla ya kujibu, kwa sababu neno hilohilo liliwahi kunigharimu.

Nilipoanza kupanda Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, nikiwa na lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, ya milimita 100 niliyoinunua kwa mtu, nilimpiga vunjajungu picha niliyoiona kuwa kilele cha kazi yangu. Watoto wa kwetu huambiwa kwamba anayemgusa mdudu huyo atavunja chungu; mimi nilivunjika moyo. Niliionyesha mbele ya wapiga picha wenzangu, nikauliza "Vipi?", na mzee mmoja anayeheshimika akaitazama kidogo, kisha akasema, "Umempiga mdudu au jani?" Watu walicheka. Sikuigusa kamera kwa miezi minne, na mpaka leo nikikutana naye shikamoo yangu huwa fupi.

Alisema kweli, na hilo ndilo lililouma zaidi. Jani lilionekana mpaka mishipa yake, huku macho ya vunjajungu yakiwa ukungu mtupu. Hata hivyo, hakuniambia kwamba ukimkuza mdudu mpaka ukubwa wake halisi ndani ya kamera, sehemu inayotoka kwa ukali haifiki hata milimita mbili tundu la lenzi likiwa f/11, kwa hiyo pumzi yako mwenyewe yatosha kulipoteza jicho. Niligundua hayo peke yangu, baada ya kulibana tundu hadi f/22 na kushangaa kuona picha nzima imefifia, kwani tundu dogo mno huutawanya mwanga. Sasa hutoka alfajiri, wadudu wakiwa bado wamepoa na hawajaanza kuruka, na flashi yangu huifunika kwa kipande cha dumu jeupe ili kuulainisha mwanga wake. Kereng'ende wangu mwenye umande ametundikwa ukutani katika nyumba moja ya wageni, na nakiri kwamba nilihakikisha mzee yule amepata habari.

Kwa hiyo, unayekosoa, taja kwanza jicho lako lilitua wapi, kisha taja kasoro moja inayorekebishika na namna ya kuirekebisha. Wale wanaosema "nzuri sana" kwa kila picha hawana huruma zaidi ya mzee wangu. Wao hawakuitazama kabisa. Nawe unayeonyesha, acha kuuliza "Vipi?" kama mtu anayeomba kupigwa au kubembelezwa. Eleza lenzi, tundu na mwanga uliotumia, halafu uliza swali lenye jibu. Tuwe watu wazima katika jambo hili.

Nilimwandikia kijana huyo kwa kirefu. Nilimwambia kwamba jicho langu lilitua kwenye doa jeupe la flashi kipajini, nikamweleza habari ya dumu. Nilimtaka pia aondoe maelezo yake yaliyotaja njia na mto alikompata, kwa maana vinyonga hutafutwa na wafanyabiashara, na Tanzania haikuzuia usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje mwaka 2016 bila sababu. Mwisho, kwa sauti ya mwalimu, niliongeza kwamba jicho la kinyonga limekosa ukali na kwamba siku nyingine alenge jicho kwanza.

Jibu lake lilifika jioni: "Shikamoo mwalimu, nashukuru sana, doa nimeliona na maelezo nimeyafuta. Ila kinyonga amelala. Jicho limefumbwa."