Maji Meupe, Meno ya Kahawia

SWALI: Kisima chetu kinatoa maji meupe yasiyo na harufu, nasi huyachemsha kila siku, lakini mwanangu wa miaka tisa ana madoa ya kahawia kwenye meno. Maabara imeniagiza nipeleke maji katika chupa ya plastiki, si ya kioo. Wanatafuta nini, na watakionaje?
Mama wa watoto wawili, Usa River

JIBU: Wanatafuta floraidi, mama, madini ambayo yakizidi majini hutia meno ya watoto madoa kama hayo, na ambayo huyeyuka kutoka katika miamba ya volkano ya Mlima Meru. Kuchemsha huua vijidudu tu. Maji yanapopungua sufuriani floraidi hubaki, na ukali wake huongezeka. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, kiasi ambacho ulimi hauwezi kukitambua.

Chupa ya plastiki inatakiwa kwa sababu floraidi huweza kushambulia kioo na kunata humo, kisha kipimo kikasoma pungufu. Acha pampu imwage maji dakika kadhaa, suuza chupa mara tatu kwa maji hayohayo, ndipo uijaze.

Maabara nyingi hutumia elektrodi, yaani kijiti cha kupimia, yenye kipande cha fuwele ya lanthanamu floraidi kwenye ncha yake. Ikichovywa majini huzalisha umeme mdogo sana, ambao hubadilika kwa takriban milivolti 59 kila floraidi inapoongezeka au kupungua mara kumi, na mpimaji huulinganisha na ule wa maji aliyoyatengeneza mwenyewe kwa kiasi anachokijua. Kabla ya hapo hutia dawa maalumu, kwa kuwa aluminiamu na chuma vilivyomo majini hushika floraidi na kuificha. Bila dawa hiyo maji mabaya yanaweza kuonekana mazuri.

Nakusihi udai tarakimu, usikubali neno “salama” peke yake, kwani kwa miaka mingi nchini mwetu maji ya vijijini yaliruhusiwa kuwa na floraidi hadi miligramu 8 kwa lita.

Madoa ya huyu mkubwa hayatafutika kwa kubadilisha maji. Ninayemhofia zaidi ni mdogo wake, iwapo hajafika miaka minane, maana meno yake ya utu uzima bado yanajengeka ndani ya ufizi. Kichujio cha mkaa wa mifupa, kama unaotengenezwa Ngurdoto, husaidia, ila mkaa huchoka, hivyo maji yake nayo yapimwe mara kwa mara. Punguza pia magadi katika makande, kwa sababu nayo hubeba floraidi. Wakati mkisubiri majibu, mdogo anywe na apikiwe kwa maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi na kuchemshwa.