Usiache vitabu, punguza mwendo

Ndugu yangu, umesema unamaliza kitabu cha kiroho, unashika kingine, lakini moyo bado mkavu na hujijui, hadi unafikiria kuviacha vyote. Usiviache. Punguza mwendo tu. Guigo II, mtawa wa Ufaransa wa karne ya 12, alieleza hatua 4: kusoma, kutafakari, kusali, kisha kutulia mbele za Mungu. Nahisi wewe unaishia ya kwanza. Jioni chukua aya moja tu, ile iliyokuchoma, hata kama imekuudhi (zinazoudhi ndizo hutufichua zaidi). Inakili kwa mkono, funga kitabu, kaa nayo kimya. Kisha andika chini yake: imenigusa wapi, na ninaogopa nini? Daftari hilo usimwonyeshe mtu, ili uandike bila kujipamba.