Kujifunza kugawa anwani za IP kwa video: kalamu iwe mkononi

Vijana wanaotaka kuingia kwenye kazi ya netiweki hapa Mwanza huwa na swali moja la kwanza: "Kaka, nianze na video ipi?" Jibu langu huwakera. Nawaambia yoyote. Masomo ya bure ya anwani za IP, zile namba zinazotambulisha kila kifaa kwenye mtandao, yamejaa YouTube, ya Wahindi, ya Wamarekani, ya Wanaijeria, na machache ya Kiswahili, na mengi yanafundisha vizuri. Kinachowaangusha watu ni kutazama tu.

Mtu anatazama somo la dakika arobaini, anatikisa kichwa kila hatua, mwisho anazima simu akiwa na uhakika kwamba kaelewa. Mpe 192.168.10.77/27 umuulize anwani hiyo iko kwenye mtandao gani, atabaki anakukodolea macho. Ni kama kumtazama mama wa soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba akipaa sato: kisu kinateleza, magamba yanaruka, unaona ni kazi nyepesi mpaka akupe kisu wewe.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu, na mengine yote yanaufuata: mwalimu akishaandika swali, simamisha video. Piga hesabu yako kwenye daftari mpaka upate jibu, hata kama ni bovu. Kisha achia video uone yeye kapata nini. Mkitofautiana, usirudi mwanzo wa somo. Tafuta mstari ule ule ambapo njia zenu ziliachana. Somo la dakika arobaini litakula saa mbili, na hiyo ndiyo bei yake halali. Nunua kaunta buku kubwa, maana utajaza kurasa.

Ukurasa wa kwanza andika namba hizi: 128, 64, 32, 16, 8, 4, 2, 1. Ziandike tena kesho bila kuchungulia. Anwani ya IP toleo la 4 ni biti 32, yaani sifuri na moja 32, zilizokatwa mafungu manne ya biti nane nane, na kila fungu linajengwa kwa kujumlisha baadhi ya namba hizo. Ukizichukua zote unapata 255, ndiyo maana hutakuta 256 kwenye anwani yoyote. Chukua 172: ni 128 na 32 na 8 na 4, basi kwa sifuri na moja inaandikwa 10101100. Fanya hivyo kwa namba za kubahatisha mpaka uchoke. Ndiyo, inachosha. Lakini asiyeiona maski, ile namba inayoonyesha biti zipi za anwani ni za mtandao, kwa sifuri na moja atakuwa anakariri majedwali maisha yake yote, na jedwali husahaulika siku ya usaili.

Hapa nina ugomvi kidogo na baadhi ya walimu wa video. Wengi siku hizi wanaanza na njia ya mkato: toa namba ya maski kwenye 256, jibu ndiyo ukubwa wa kila fungu, yaani idadi ya anwani katika kila mtandao. Maski ikiishia 192, basi 256 kutoa 192 ni 64, mitandao inaanzia 0, 64, 128 na 192. Ni kweli kabisa, na mimi mwenyewe naitumia kila siku kazini. Ila ukiipata kabla ya kujua kwa nini inafanya kazi, itakutupa mkono pale swali litakapogeuzwa kidogo. Jifunze kwanza kwamba maski hiyo, 255.255.255.192, huandikwa pia /26, maana yake biti 26 za mwanzo ni za mtandao na zilizobaki, 6, ni za vifaa vilivyomo. Kwamba 2 ikizidishwa yenyewe mara sita ni 64. Kwamba anwani ya kwanza ni ya mtandao wenyewe na ya mwisho ni ya brodikasti, yaani ya kuviita vifaa vyote kwa pamoja, hivyo za kugawia vifaa zinabaki 62. Baada ya hapo mkato utauona mwenyewe bila kuambiwa.

Kuhusu bando. Wengi tunasoma kwa simu, na bando la usiku ndilo rafiki. Pakua masomo usiku, tazama mchana. Ubora wa 144p unatosha mwalimu anapoongea, lakini akianza kuandika maski ubaoni 0 na 8 hufanana, na ukitazama somo la Packet Tracer, programu ya kuigiza mitandao, kwa ubora huo hutasoma hata jina la ruta, kile kifaa kinachounganisha mitandao. Weka 480p kwa masomo ya hesabu na ubane kwingine. Mwalimu akiongea Kiingereza cha mbio, punguza kasi mpaka 0.75 na uwashe maandishi ya chini. Na mkiwa wawili mnaosoma pamoja, mmoja apakue, amrushie mwenzake kwa kadi au kwa waya. Anayeweza pia amweleze mwenzake kwa Kiswahili kile alichokiona. Ukishindwa kumweleza, hujakijua.

Somo la madaraja A, B na C lipite haraka. Video za zamani hulitumia nusu saa nzima, wakati mgao wa anwani kwa madaraja uliachwa mwaka 1993 ulipokuja mfumo wa CIDR, huu wa kuandika slashi na idadi ya biti. Sababu yake inafaa kujulikana: daraja C lilitoa nafasi 254, daraja B nafasi 65,534. Taasisi yenye kompyuta 500 ilikuwa ndogo kwa B na kubwa kwa C, ikapewa B, na anwani elfu sitini na kitu zikaoza. Basi, umeshajua. Endelea.

Sasa mfano wenyewe, wa aina ninayowapa vijana. Shule ya sekondari, tuseme iko Nyegezi, imepewa 192.168.10.0/24. Maabara ina kompyuta 50, ofisi za walimu vifaa 20, kamera za ulinzi 12, na kuna kiungo kati ya ruta mbili kinachohitaji anwani 2. Kila kundi liwe na mtandao wake, ili mwanafunzi wa maabara asichungulie kamera.

Anza na kundi kubwa. Maabara inataka 50, na ruta nayo inataka anwani yake, ziwe 51. Fungu la 32 halitoshi, la 64 linatosha: 192.168.10.0/26, kuanzia 0 mpaka 63, ambapo vifaa vinachukua 1 hadi 62. Walimu wanafuata, 20 na moja ya ruta: fungu la 32, yaani 192.168.10.64/27, mwisho wake 95. Kamera 12 na ruta ni 13. Fungu la 16 lina nafasi 14, linatosha kwa kubana: 192.168.10.96/28, mpaka 111. Mimi ningemuuliza mkuu wa shule kwanza kama ana mpango wa kuongeza kamera, maana mbili tu zikiongezeka fungu limejaa na kupita. Kiungo cha ruta kinapewa 192.168.10.112/30, nafasi zake mbili ni 113 na 114. Kuanzia 116 kwenda juu pako wazi.

Kwa nini kundi kubwa litangulie? Kwa sababu fungu la 64 haliwezi kuanzia popote. Lazima lianzie kwenye namba inayogawanyika kwa 64. La 32 vivyo hivyo, kwa 32. Ukianza na kiungo kidogo ukakipa 0 hadi 3, maabara haiwezi kuanzia 4. Inasukumwa mpaka 64, na katikati unaacha mapengo. Video nyingi husema "anza na kubwa" kisha zinapita. Simamisha hapo, jaribu kuanza na dogo kwenye daftari, uone yanavyokwama.

Mazoezi ya barabarani nayo yanasaidia kuliko watu wanavyodhani. Mtu akitoka Igoma kuja mjini kwa daladala ana muda wa kutosha na foleni ya kumtosha. Tazama kibao cha gari la mbele, chukua zile tarakimu tatu. Zikizidi 255 chukua mbili za mwisho. Ni 214? Kwa /28, mafungu ni ya 16 16, kwa hiyo iko kwenye mtandao unaoanzia 208 na brodikasti yake ni 223. Gari lingine ni 77? Kwa /27 inaanzia 64, inaishia 95. Ukiweza kujibu kabla gari halijakata kona, uko tayari kwa mtihani wa CCNA, cheti cha netiweki cha kampuni ya Cisco, ambao kikokotoo hairuhusiwi kuingia nacho.

Kuna mahali ambapo wengi huanguka hata baada ya kuweza hayo yote, nako ni fungu la tatu la anwani, yaani namba ya tatu kati ya zile nne. Watu wanazoea /24 na kwenda juu, wanasahau kwamba mpaka unaweza kukata katikati ya namba nyingine. Chukua 10.20.35.200/20. Biti 16 zinamaliza mafungu mawili ya kwanza, zinabaki 4 zinazoingia la tatu: maski ni 255.255.240.0, na 256 kutoa 240 ni 16. Basi kwenye fungu la tatu mitandao inaanzia 0, 16, 32, 48 na kuendelea. 35 iko kati ya 32 na 47. Mtandao ni 10.20.32.0, brodikasti ni 10.20.47.255, na hiyo 200 ya mwisho haikutuhusu hata kidogo. Rudia aina hii mara nyingi kuliko zote. Ukiiweza utaelewa pia kwa nini anwani za ndani za 172.16.0.0/12, zilizotengwa pamoja na 10.0.0.0/8 na 192.168.0.0/16, zinafika mpaka 172.31 na haziishii 172.16 kama wengi wanavyoamini.

Wengine huniambia haya ni mambo ya mtihani, kazini ruta inajipanga yenyewe. Inajipanga mpaka siku ya harusi. Nimekuta ukumbi wa sherehe ambapo waifai inashika lakini intaneti hakuna, na mwenye ukumbi ameshalipia kasi kubwa zaidi mara mbili. Ruta ilikuwa na /24, nafasi 254, na kila simu inapewa anwani kwa siku nzima. Wapambaji wa asubuhi, wapishi, kamati, watu wa muziki, wote walishaondoka au kuzima simu na anwani zao bado zimeshikiliwa. Wageni wa jioni wanakuta patupu. Dawa yake ni kupunguza muda wa kushika anwani uwe saa moja au mbili, na kupanua mtandao uwe /23, ambao una nafasi 510. Na hapo tena hesabu inarudi: 192.168.10.0/23 inakubali, inafika mpaka 192.168.11.255, lakini 192.168.11.0 haiwezi kuwa mwanzo wa /23 kwa kuwa 11 haigawanyiki kwa mbili.

Au mfanyabiashara mwenye duka Mwanza na tawi Geita, kote kuwili ruta zimeachwa na 192.168.1.0/24 kama zilivyotoka kiwandani. Siku akitaka kuziunganisha kwa VPN, yaani njia ya siri inayopita ndani ya intaneti, kompyuta ya Mwanza ikiitafuta 192.168.1.20 inaitafuta hapo hapo ndani, haivuki kwenda Geita. Fundi aliyesoma anapanga tofauti tangu siku ya kwanza.

Simu yako yenyewe ni maabara. Ukiwa kwenye waifai, fungua mipangilio uangalie anwani uliyopewa, kisha uzime waifai uangalie tena ukiwa kwenye bando. Unaweza kuona inayoanza na 10, au iliyo kati ya 100.64 na 100.127, fungu lililotengwa mwaka 2012 kwa makampuni ya mtandao yanayowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Jiulize 100.64.0.0/10 imeishiaje 127. Na ukikuta kompyuta ya mteja ina 169.254 mwanzoni, usipoteze muda kuchunguza kivinjari: haikupata jibu kutoka kwa kinachogawa anwani, anza na waya na swichi ya mtandao.

IPv6, yaani toleo la 6 la anwani, usiikimbie, ila isubiri. Anwani za toleo la 4 zote kwa hesabu ni 4,294,967,296, na akiba kuu ya dunia ilimaliza kugawiwa kanda zote Februari 2011, kwa hiyo biti 128 za toleo la 6 zitakukuta kazini upende usipende. Habari njema ni kwamba kule mtandao mmoja wa kawaida hupewa /64, na hakuna anayehesabu nafasi za kompyuta. Aliyeshika biti kwenye la 4 hatapata tabu.

Shule yetu ya Nyegezi sasa imejenga maktaba, inataka kompyuta 40. Kuanzia 116 pako wazi. Chukua kaunta buku uniambie mtandao wa maktaba unaanzia namba ngapi, unaishia ngapi, na vipande vilivyobaki kabla yake vinaweza kukatwa vipi. Ukiandika 116 kama mwanzo, rudi kwenye aya ya kundi kubwa.